Mapigo ya Mkononi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Mbulu, Matroni alinikabidhi trei ya dharura kabla hata sijaonyeshwa pa kutundika sweta. Akaniinulia kichupa kimoja kimoja. Atropini, ya moyo unaokwenda taratibu mno. Adenosini, ya moyo unaokimbia kwa mpangilio; isukume haraka, maji ya chumvi yafuate papo hapo. Amiodaroni, ya mbio zilizovurugika, na hiyo haitaki pupa.

"Ukizichanganya hizi, binti, hutapata nafasi ya kuomba msamaha," alisema.

Nilikuwa na kiherehere. Nilizikariri mpaka mume wangu akanikataza kuzitaja mezani.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa kituo cha afya huko Hanang. Siku moja akaletwa bibi kutoka Getanuwas, anahema, jasho linamtoka, wanawe watatu wamemzunguka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika kwa shida. Mashine ya kuchora mapigo ya moyo ilikuwa imepelekwa matengenezo. Ilinipasa kumsikiliza kifuani, lakini kumfungua nguo mama wa umri ule mbele ya watoto wake wa kiume, au kuwatoa nje wanaume walionizidi umri, niliona haya. Nikashika mkono, nikahesabu: arobaini kwa dakika. Moyo uko taratibu, nikajiambia, nikavuta atropini na kuanza kuisukuma kwenye mshipa.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, aliingia nusu ya dawa ikiwa imeshakwenda.

"Kifua umesikiliza?"

"Hapana, daktari. Wanawe wapo."

"Acha hiyo! Jamani, tupisheni, tokeni nje."

Akamfungua nguo, akasikiliza, kisha akanivalisha masikioni kifaa chake cha kusikilizia. Moyo ulikuwa unakimbia ovyo, zaidi ya mia na hamsini. Mapigo mengi yalikuwa dhaifu, hayafiki mkononi. Nami nilikuwa nimeuongezea mbio! Daktari akaiweka amiodaroni kwenye dripu mwenyewe. Nilizunguka kitanda kile hadi jioni, nahesabu, nahesabu tena.

Bibi alipona. Siku ya kuruhusiwa akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, Mungu akubariki. Yule daktari alinifungua nguo. Wewe uliniheshimu."

"Asante, bibi," nikasema.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Daudi na viazi vyangu, lakini kutulia sijatulia. Nyie mnaoanza kazi, mwombeni mzee radhi, watoeni watu, kisha mfungueni nguo msikilize. Mimi nilishukuriwa kwa jambo lililokaribia kumuua, nikaipokea shukrani. Bibi yule alirudi kwake bila kujua, na sikumfuata kumwambia.