Sauti ya Jikoni

Shangazi yangu hakati kelele kwenye kanda anazohifadhi. Chumba chake cha wageni kimejaa kanda za watunzi na waandishi wa habari za muziki. Mgeni akija, analala sebuleni. Akizihamishia kwenye kompyuta huanzia mwanzo kabisa, na kikohozi, na kiti kinachokwaruza sakafu. Ukimwambia apunguze, umechokoza nyuki.

Jana alikuja mtunzi mmoja mzee, mwenye wimbo ambao hata vitukuu wake wanaujua. Alitaka kanda yake ianzie kwenye gitaa.

"Dada, yale ya mwanzo ni porojo tu. Yafute."

Shangazi akaiweka kanda mashineni. Tukamsikia mtunzi akikwama kwenye kiitikio, akirudia, akikwama tena. Kisha sauti ya mkewe, ambaye sasa ni marehemu, ikatoka jikoni katikati ya mlio wa masufuria, ikamwimbia kiitikio chote, kile kile tunachokiimba sote.

Mzee akatazama viatu vyake. "Miaka yote hii watu wanajua ni wangu."

"Najua, kaka yangu," Shangazi akasema, akimmiminia chai. "Ndiyo maana kwenye kasha la kanda nimeandika majina mawili. Lako ni la pili."