Walinipa pikapu ya Baba iliyooza

Naomba jina langu msilitaje, maana kaka yangu naye anafuata ukurasa huu. Nina miaka 43, mama wa watoto wawili, naishi Giheke na kazi yangu ni kuvusha kabichi mpakani kwenda Bukavu, Kongo. Huko Bukavu ndiko tulikolelewa, na Baba ndiye aliyeturudisha Rwanda, sisi sote na magodoro yetu, juu ya pikapu yake. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kuishi naye na Mama. Baba alipopooza upande mmoja, ni mimi niliyemwogesha na kumlisha miaka mitatu hadi Mungu alipomchukua. Kaka zangu wawili walikuwa wanakuja Krismasi, wanakula, wanaondoka.

Baada ya matanga, familia ilikaa kugawa umunani, yaani fungu la kila mtoto. Mashamba yote yakaenda kwa wanaume. Nilipouliza langu, kaka mkubwa akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako pikapu ya Baba inaoza tangu alipougua na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Akasema, "Wewe ulipendaka Papa sana, bakia na motokari yake." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hadi leo najichukia kwa kicheko kile. Akaongeza kwamba nikishaanza kuitengeneza nitakuwa nimepokea fungu langu, nisirudi kuulizia shamba. Karatasi ya mgawo tutaitia sahihi Jumapili hii inayokuja.

Wiki nzima nilikaa na hasira. Halafu nikajiambia, hata kama ni dharau, pikapu ikitembea nitaacha kubeba kabichi kichwani. Nikamwita fundi mmoja mzee wa Kamembe, aliyeihudumia gari hiyo tangu tukiwa Bukavu, anipimie kama inafaa kutengenezwa. Aligonga nyundo huku na huku. Sakafu imetoboka, unaona majani chini, na milango imeliwa na kutu, lakini chasi, akasema, bado ina nguvu. Akafungua boneti, akafuta vumbi kwa kitambaa, akainamia moteri, yaani injini, kama anayetafuta kitu.

Inabidi mjue tabia ya Baba. Alikuwa haamini gereji yoyote, aliogopa kubadilishiwa vyuma. Kwa hiyo alipiga alama kwa patasi kwenye ubavu wa moteri yake, vidoti vitatu, na mimi ndiye niliyemshikia tochi nikiwa msichana. Fundi alikuwa anavijua pia. Tulivitafuta wote wawili hadi vidole vikawa vyeusi. Havikuwepo.

"Maman," fundi akasema, "hii moteri haiko ya Mzee. Hii ilikufaga kitambo, balikuya kuificha humu." Yaani watu walitoa moteri nzima ya Baba, wakaweka iliyokufa zamani.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki ile Baba alipoanguka, kaka mkubwa aliazima pikapu abebe saruji. Ilikaa kwake siku kumi, ikarudi inavutwa kwa kamba, akatuambia imekufa njiani. Baba aliamini. Miaka mitatu alikaa mlangoni akiitazama, akijilaumu kwamba aliichosha, kwamba hakubadilisha oili kwa wakati. Nikimlisha alikuwa ananiambia ameiua mwenyewe, na machozi yanamtoka. Kaka aliyasikia maneno hayo kila Krismasi, na aliendelea kutafuna nyama.

Kaka naye ana pikapu ya aina ileile. Siku nne zilizopita nilimkuta kwenye mlima amefungua boneti, anaongeza maji. Nilimsalimia, nikainama kidogo. Vidoti vitatu vya Baba viko pale, nusura niviguse. Alifunga boneti haraka, akaniuliza ninaangalia nini. Nikaendelea na njia yangu. Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani na wanunuzi wa vyuma chakavu, amekuwa mpole ghafla, ananiita dada, eti anataka kunisaidia kuondoa takataka ile. Niliwafukuza wote.

Nikamweleza Mama. Alilia, kisha akasema, "Nyamaza, mwana wangu. Nilishazika Papa yenu, usinizikishe na familia." Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na mimi nimechoka kuwa mtoto anayeombwa kunyamaza.

Fundi ameniambia wazi: bila moteri ya Baba, pikapu ile ni ya kuuza kwa kilo, asinidanganye. Moteri ikirudi mahali pake, atabadilisha sakafu na milango, na nitaiendesha miaka mingi. Kwa hiyo nikitia sahihi Jumapili, nimepokea kutu tupu na shamba limekwenda. Nikifungua mdomo, kaka ataaibika mbele ya ukoo mzima, na Mama atasema nimemuua.

Ninyi mnaosoma, hasa mliozaliwa wasichana kati ya kaka, nipeni akili. Nimeze kwa ajili ya Mama, au Jumapili nimwambie kaka aje na gari yake na aifungue boneti mbele ya wote? Shamba nalitaka, sitawadanganya. Lakini kinachoniuma kuliko shamba ni Baba. Asubuhi yake ya mwisho aliniomba nimpeleke pale kwenye migomba. Akaweka mkono wake ule mzima juu ya boneti, akaiomba gari msamaha.