Kola Chini ya Meza

Katika kiwanda kile cha sare za shule mtu haitwi jina lake. Unaitwa kile unachoshona. Anayeshona mikono ni Mikono, anayetia vifungo ni Vifungo hata kama nyumbani ana wajukuu, na binti tunayemzungumzia hapa, kwa sababu alishona kola, alikuwa Kola. Jina zuri tu, na mwenyewe alilipenda. Kibaya ni kwamba kila mwezi, siku zake zikifika, Kola alilala chini ya meza ya cherehani yake, juu ya mabaki ya vitambaa, amejikunja, anauma shati la mtoto wa watu ili asipige ukelele.

Msidhani ni deko. Jamani, kuna tumbo na kuna tumbo! Lake lilimshika kiunoni, likashuka mapajani, likampandisha kichefuchefu mpaka akaona meza mbili. Na pale kiwandani shati linapita mkono kwa mkono. Kola isiposhonwa, Mikono hana cha kushona. Mikono akikaa, Vifungo naye anakaa, na mstari mzima unalipwa kwa mashati yaliyofika mwisho. Kwa hiyo Kola akilala, wanawake wote nyuma yake wanabaki kuangalia ukuta, na midomo yao haina kazi nyingine.

"Kwani yeye ndiye wa kwanza kuwa mwanamke?" Vifungo alisema kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Sisi tumejikaza kisabuni miaka yote. Mwenzetu huyu kazaliwa na tumbo la kioo."

Siku moja Kola alifumbua macho akaona viatu vya msimamizi karibu na pua yake. Msimamizi hakuinama. Mtu yule alikuwa hainami hata kuokota kalamu yake mwenyewe.

"Nikikukuta tena huko chini," alisema, "mkasi wangu mezani."

Kila mshonaji pale alipewa mkasi wa kiwanda, na kuurudisha maana yake umemwaga unga. Kola alilijua hilo vizuri. Baba yake alishafariki, na chumba anachoishi na mama yake, chakula cha wawili, sabuni, vyote vilitoka kwenye zile kola.

Nyumbani mama alimpokea kwa maneno yake yaleyale. "Ukizaa itaisha, mwanangu. Wote huwaishia wakizaa."

"Nizae na nani, Mama? Na cherehani?"

Mama akacheka kidogo, akageukia ukutani, maana na yeye siku hizo alikuwa na homa yake. Ilikuwa homa ya ajabu ile. Inakuja, inamlaza, inaondoka, haitaki dawa wala hospitali. Walishaizoea kama mgeni asiyebisha hodi.

Kola akaenda hospitali. Daktari akampima, akampiga picha ya tumbo, akasema hana uvimbe wala ugonjwa mwingine. Tembe za maumivu alizokuwa akizimeza ovyo zilishaanza kumuunguza tumbo, kwa hiyo akamtuma chumba cha mwisho cha korido, fiziotherapia. Kola alitegemea sindano. Alichokikuta ni mikeka ya mpira sakafuni na dada mmoja aliyevaa raba.

"Lala chali," dada alimwambia. "Vuta magoti kifuani. Pumua mpaka tumbo lipande. Haya, sasa piga magoti, weka viganja chini, pandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa. Lala tena, inua kiuno." Kola akafanya, viungo vikimlalamikia kimoja kimoja. "Na utembee, mdogo wangu, utembee haraka mpaka jasho likutoke. Fanya hivyo karibu kila siku, miezi miwili mitatu, kisha tuzungumze."

Basi hapa ndipo Kola alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kiwandani. Kule hakuna anayeitia mashine mafuta mpaka ianze kulia, kwa sababu kuitia mafuta ni kusimamisha mstari, na kusimamisha mstari ni kumtafuta Vifungo ubaya. Mashine iliyo nzima haiguswi. Kola naye, tumbo lilipotulia, akayaweka mazoezi kando kama tembe za akiba: nikiumwa nitayatumia. Mwezi uliofuata maumivu yakamkuta siku ya mapumziko, bahati yake. Akalala sakafuni nyumbani, akayafanya yote kwa mkupuo, kwa hasira, huku akitapika kwenye beseni. Wapi! Alikiona cha mtema kuni.

Akarudi korido ile amevimba kwa hasira. "Dada, umenidanganya. Nimeinua kiuno nusura king'oke, na tumbo liko palepale."

"Ulianza lini?"

"Lilipoanza kuuma."

Dada akashika kichwa. "Na siku nyingine zote?"

"Siku nyingine nilikuwa mzima! Nifanye ya nini?"

"Cherehani yako unaitia mafuta lini?"

"Ikilia."

"Na haijawahi kukufia mikononi?"

Ilishamfia, tena zaidi ya mara moja. Kola akamshika dada mkono. "Basi mwezi ujao nifanyeje? Mwezi ujao, dada! Nikilala tena chini, nimekwisha."

Dada hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Siwezi kukuahidi mwezi ujao," alisema. "Mwili haujui haraka yako. Anza leo."

Kola alitoka akilia barabarani, bila kujificha. Mtu anapewa dawa itakayoponya akiwa ameshafukuzwa, afanye nini nayo? Alianza tu, maana hakuwa na lingine. Asubuhi kabla ya kuoga alikuwa sakafuni, magoti kifuani. Kwenda kazini aliacha kupanda gari, akatembea mpaka blauzi ikamganda mgongoni. Mama akaona aibu kwa niaba yake.

"Mtoto wa kike, unapandisha kiuno mlango wazi!"

"Si uufunge, Mama."

Mama aliufunga, lakini hakuondoka. Alisimama pale akimwangalia mwanawe anavyovuta magoti, mpaka chakula kikaungua jikoni.

Kisha siku ikafika, na ikafika vibaya. Oda ya shule nzima ilitakiwa itoke jioni, msimamizi anazunguka kama inzi. Asubuhi ileile Kola alimwacha mama kitandani na homa yake. Maumivu yakamwanza kiunoni akiwa kwenye cherehani, akasubiri lile pigo la kumwangusha. Likaja, lakini likaja pungufu. Hakuona meza mbili. Aliona moja, na kola juu yake. Mungu wangu, alitaka kupiga kelele kwa furaha!

Lakini kupungua si kwisha. Kadiri saa zilivyokwenda kiuno kilikaza, kola moja ikaenda upande, ikafuata nyingine. Sasa alijua kinachomfaa: alale chali kidogo, magoti kifuani, pumzi tumboni. Tatizo ni kwamba kinachomfaa kiko chini, na chini ndiko alikokatazwa. Chooni? Sakafu ya choo kile ni maji matupu. Aombe ruhusa? Thubutu! Yule bwana ukimtajia hedhi anaangalia dari.

Kola akapiga moyo konde, akashuka.

Akavuta magoti. Akapumua. Na ile kamba ya kiunoni ikalegea, taratibu, kweli kabisa ikalegea. Alipofumbua macho aliona viatu.

"Bosi, nainuka! Nimemaliza, naweza kushona, niangalie!" Akainuka, akakaa, akashona kola mbele yake, mshono ulionyooka kuliko yote ya siku ile. Msimamizi akautazama. Kisha akanyoosha mkono.

"Mkasi."

Kola akageuka nyuma. Mikono aliinamia kitambaa. Vifungo, mwenye mdomo wa kufika getini, alisema kwa sauti ndogo, "Lakini bosi, kola si hii hapa, imeshonwa?" Mkono wa msimamizi ulibaki umenyooshwa. Kola akauweka mkasi mezani.

Akarudi nyumbani kwa miguu, jua la utosi, saa ambayo hajawahi kufika kwao siku ya kazi. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Akausukuma, maneno yakiwa tayari mdomoni: Mama, nimemwaga unga.

Mama yake alikuwa sakafuni. Amejikunja juu ya saruji, ameuma upindo wa shuka, beseni liko kando yake. Kola akasimama pale mlangoni akaitambua ile homa. Miaka yote hiyo, na tumbo lilelile analo yeye, hakuitambua.

"Mbona mapema?" mama akauliza, akijaribu kujinyoosha, akashindwa. "Ni homa tu. Itapita."

"Mama, si uliniambia ukizaa inaisha?"

Mama akafumba macho. "Ndivyo na mimi nilivyoambiwa," alisema. "Nikakuzaa wewe. Nikasubiri."

Habari ya mkasi Kola hakuisema. Alilala chali kando ya mama yake kwenye saruji ya baridi, machozi yakimwingia masikioni, akamshika goti.

"Vuta hili kwanza, Mama. Pole pole. Pumua. Hapa hakuna wa kutuambia tuinuke."