Tope la Saadani

Fundi anayechora ardhi ya pwani kwenye mashine ya kufundishia marubani huuminya kwanza udongo wa kila mahali, huusogeza karibu na kioo cha kompyuta, huguna, kisha huongeza wekundu kidogo. Ufuko wa Saadani pekee aliupaka rangi kwa kutazama picha. Leo udongo wake ulipoletwa, ulimchuruzika vidoleni. Akaganda.

"Baba Najma, kuna nini?" aliuliza Zuwena, mkewe.

"Ni tope! Mimi nimechora mchanga mkavu, na mtoto wetu amejifunza kwenye mashine kutua hapo injini ikizima."

Najma alikuwa angani tangu asubuhi, akirusha ndege kupitia pwani hiyo. Zuwena alipiga simu, haikupokelewa. Fundi alisimama mlangoni akisikiliza kila mngurumo.

Adhuhuri simu ikaita. "Shikamoo mama, nimeshatua Dar."

Zuwena aliangua kilio. Fundi alikwisha kuinamia kompyuta, anaufuta ule mchanga aliouchora.