Mkanda wa Mlangoni

Fundi alikuwa amemaliza kutandaza sakafu ya mbao za laminati chumbani kwa baba. Vilibaki vikorokoro: skatingi za kuziba pengo la ukutani, vifuniko vya pembe, na mkanda wa kufunika mlangoni, pale sakafu mpya ilipoizidi kimo saruji ya ukumbini. Sindano alidhani hayo yangekwisha upesi. Alikuwa mshonaji, na jina hilo alipewa na kaka yake kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi.

Baba yao alikuwa anatoka hospitali siku hiyo. Kiharusi kilimwachia mguu wa kushoto usionyanyuka, aliuburuta tu. Muda wote wa mazoezi ya mguu, Sindano ndiye aliyemshika mkono. Kaka, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa akimjulia hali kwa simu. Asubuhi hiyo alifika na zawadi zake: skatingi nyeupe pe, na mkanda wa rangi ya dhahabu, umetuna mgongo na unang'aa.

Sindano aliulaza mkanda mahali pake, akavaa ndala za baba, akaburuta mguu. Kidole kikagonga. Akarudia, kikagonga tena.

"Unaigiza," kaka alisema.

"Naigiza anavyotembea."

"Baba anapenda vitu vizuri. Mimi ndiye mkubwa hapa, mdogo wangu. Fundi, funga."

Fundi alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akajifanya anatafuta kipimo chake. Sindano hakungoja. Alichukua kipande cha ubao kilichobaki, akatoka mbio.

Dukani, mama mwenye duka alimtolea mikanda ya kila rangi. Karibu yote ilikuwa ya kuunganisha sakafu za kimo kimoja. Sindano aliweka kipande chake ukingoni mwa kaunta, akajaribu mmoja mmoja, akipitisha kidole huku amefumba macho. Kila mmoja ulimkwaza. Mwishowe mama yule akachomoa kutoka nyuma ya rafu mkanda mpana wenye mteremko.

"Huu unashuka taratibu. Ila ni wa kijivu, na sakafu yako ni ya kahawia. Hauendani nayo hata kidogo."

Kidole kilipita bila kukwama. Hapo hapo simu ikalia. Ni mume wake, aliyekwenda kumchukua baba: wameruhusiwa mapema, wako njiani.

Alifika nyumbani akitweta, akakuta mkanda wa dhahabu umeshakazwa kwa skrubu. Kabla hajafungua kinywa, gari likasimama nje. Baba akaingia na mkongojo wake, akaiona sakafu inavyometameta, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Baba, subiri kwanza," Sindano alisema.

"Mwache apite. Usimfanye mtoto mdogo."

Baba akapiga hatua kwa mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto. Ncha ya kiatu ikagonga mgongo wa mkanda. Mkongojo ukateleza kwenye laminati, na mzee akaenda mzimamzima. Kaka ndiye aliyekuwa karibu. Alimdaka kwapani, wakabaki kifua kwa kifua, kaka akihisi jinsi mwili ule ulivyomwelemea upande mmoja.



"Baba," kaka alisema, "kwenye simu uliniambia unatembea."

"Si natembea? Hukuniona?"

Kaka alimkalisha kitini. Akachukua bisibisi mkononi mwa fundi, akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu mwenyewe. Sindano alikuwa na maneno mengi tayari. Akayameza, akamsogezea mkanda wa kijivu.

"Huo mbaya kweli," baba alisema.

"Mbaya sana," Sindano akakubali.

Ulipokazwa, baba aliinuka. Kaka alitangulia akirudi kinyumenyume, mikono wazi, ingawa hakuna aliyemwomba. Mguu ukakwaruza mteremko, ukapanda, ukapita. Baba akaenda hadi kitandani, akaketi, akashusha pumzi.

Jioni hiyo kaka alimpigia bosi wake, akaomba atafutiwe dereva mwingine wa safari ijayo. Kisha akamuuliza Sindano, bila kumtazama, mazoezi ya mguu yanafanywaje. Sindano bado alikuwa na hasira naye. Hata hivyo alikaa chini, akanyoosha mguu wake mwenyewe, akamwonyesha.