Trizah, Kihara na Kabati la Swichi

Trizah Achola alikuwa mtu wa kuchukia kwa bidii. Alizaliwa kwenye nyumba za reli kule Nakuru, ambako babake alitengeneza injini za treni na mamake aligombania kamba ya kuanikia nguo na kila jirani kwa zamu. Tangu utotoni alijua kwamba anayenyamaza ndiye anayenyang'anywa. Shuleni alipigana. Chuoni watu walimnyima urafiki, au aliwanyima yeye. Hakujali ni lipi. Alipopata kazi kwenye kiwanda cha mbao cha Mama Wariara, Elburgon, alifika na kompyuta, begi la nguo na shingo ngumu.

Kazi yake ilikuwa kusimamia tanuri la kukaushia mbao kwa kompyuta. Ndani ya kompyuta hiyo, iliyoendeshwa na programu ya Linux, alipanga kontena tatu. Wapasua mbao walipomsikia akisema kontena walicheka, wakamuuliza atazishusha na kreni gani. Akawaeleza mara moja tu, kwa ukali: ni kama vyumba vya kupanga ndani ya ploti moja, kila chumba na mlango wake na namba yake ya anwani. Chumba cha kwanza kilipokea vipimo vya joto na unyevu kutoka kwa tanuri, cha pili kilivihifadhi, cha tatu kilivionyesha kwenye skrini.

Nyaya zote za kiwanda zilikuwa za Kihara, fundi wa umeme. Alizivuta kwa mikono yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na aliamini kila kinachopita humo ni mali yake. Wiki ya kwanza tu, Trizah alimwambia Mama Wariara mbele ya watu kwamba nyaya hizo zimefungwa kama kuni. Tangu siku hiyo Kihara hakumsalimia. Akimpita uwanjani alitema mate, si karibu naye sana, lakini si mbali pia.

Jumatatu moja skrini ya tanuri ikawa tupu. Ndani mlikuwa na mzigo mkubwa wa saiprasi, na joto likizidi mbao hupasuka. Kipsang, msimamizi wa tanuri, ikabidi afungue matundu ya hewa kwa mkono, akikisia joto kwa kunusa mvuke kama zamani, huku akiilaani kompyuta kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mama Wariara alikuja na gambuti zake za matope. Hakuuliza shida ni nini.

"Mpaka saa nane," alisema. "Ikikataa, ng'oa hiyo kitu uende nayo."

Trizah akaanza. Kompyuta yenyewe ilipoita tanuri, tanuri liliitika. Kwa hiyo waya ulikuwa mzima. Kontena nazo zilikuwa hai, zikisemezana zenyewe kwa zenyewe. Lakini kontena ikiita tanuri, kimya. Akafungua programu ya kusikiliza mtandao, akaona swali la kontena likitoka nje ya kompyuta: nani ana anwani hii? Likatoka tena na tena, na jibu halikurudi. Akabeba laptop, kompyuta yake nyingine ya mkononi, hadi kwenye tanuri, akasikiliza kutoka huko. Swali halikuwa limefika. Basi lilikuwa linamezwa katikati, na katikati palikuwa na kitu kimoja tu: swichi ya mtandao, kisanduku cha matundu kinachounganisha nyaya zote za kompyuta, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wa Kihara.

Alimkuta akinywa chai.

"Fungua kabati."

"Kabati iko sawa. Printa inafanya, kamera zinafanya. Ni vitu zako hazifanyi."

"Umegusa nini huko ndani?"

Kihara akamwambia aende akaulize kontena zake, kisha akaongeza sukari.

Trizah hakubembeleza. Alichukua rola ya waya stoo, akauvuta kutoka dirisha la ofisi, juu ya rundo la magogo, hadi kwenye tanuri, bila kupitia kabatini. Wapasua mbao wengine waliukanyaga makusudi. Akachomoa waya wa zamani, akachomeka huu. Namba zikajaa kwenye skrini, na joto lilikuwa limepanda kupita kiasi. Kipsang akakimbilia matundu ya hewa.

Ndipo Mama Wariara akamwita Kihara aeleze kilichomo ndani ya kabati. Kihara hakukana. Asubuhi hiyo alikuwa ameiamuru swichi kwamba kila tundu lipokee mashine moja tu, nyingine yoyote ifungiwe nje, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanachomeka vitu vyao kutazama mpira. Kompyuta ya Trizah ilitambuliwa kwanza. Kontena, kila moja na anwani yake, zikaonekana kama wageni wanaojipenyeza kwa mlango wa mwingine, zikafungiwa.

"Na hukuniambia," Trizah alisema.

"Nilimuuliza." Kihara alimtazama Mama Wariara, si Trizah. "Ijumaa, hapo kwa geti. Nikamuuliza ako na mashine ngapi kwa hiyo laini. Akaniambia, 'Moja tu, hata wewe unaweza kuhesabu mpaka hapo.'"

Trizah alikumbuka. Alikuwa kwenye simu, hata uso hakumgeuzia. Angeweza kukana, kwani hapakuwa na shahidi. Hakukana, na msamaha pia hakuomba.

"Mashine ni moja," alisema. "Anwani ni nne: ya kompyuta na za kontena tatu. Ungeuliza anwani."

Mama Wariara aliwaangalia wote wawili kama mbao zilizopinda. Akamwamuru Kihara afungue tundu lile lipokee anwani nne, Trizah akiwa amesimama nyuma yake. Kihara aliandika amri polepole, nywila akiificha kwa bega. Kabla ya saa nane waya wa juu ya magogo ulishaondolewa, na namba hazikukatika.

Sehemu kubwa ya saiprasi ilikuwa imepasuka. Mbao zilipotolewa, Kipsang alizipanga mbele ya mlango wa ofisi, anayeingia aziruke. Mama Wariara hakumfukuza mtu. Alifanya kibaya zaidi: alihamishia meza ya Trizah katika chumba cha Kihara, na ufunguo wa kabati akautundika kwenye msumari katikati yao.

Wako humo hadi leo. Anayetaka kugusa mtandao lazima aseme kwanza kwa sauti, na mwingine arudie alichosikia. Kihara husema akitazama dirishani. Trizah hurudia bila kuinua kichwa. Saa ya chakula ikifika, Trizah hubeba sahani yake kwenda kula chini ya paa linalofunika magogo, hata siku ambazo mvua ya msitu wa Mau inanyesha kwa mshazari.