Upepo wa Kiti cha Nyuma

Mbuvi alikuwa mtu wa boda, stendi ya Riruta Satellite, na kwa mambo ya upepo alijiona profesa. Baridi ya Julai ikiingia, ndiye aliyewaonyesha vijana wa stendi kuvaa jaketi kinyume, zipu mgongoni, na kupachika kipande cha katoni kifuani. Tabu ya mtu anayejua jambo moja vizuri ni kudhani amelijua lote.

Mkewe, Wanza, alikuwa na mapafu yaliyoisha. Miaka mingi alipika mandazi kwa kuni huko Lindi, mtaa wao wa mabanda, katika kibanda kisicho na dirisha, na moshi ulichukua ulichochukua. Daktari alishasema hana tiba ya kuongeza. Wanza naye hakuomba miujiza. Alitaka tu kufika kwao Mutomo amwone mama yake, yeye mwenyewe angali na sauti ya kumsalimia. Ndani ya gari lililojaa watu alikabwa pumzi, na taksi ya kwenda mbali huko Kitui ni ya wenye nazo. Mbuvi akaapa atampeleka mwenyewe, polepole, kwa pikipiki inayokinga upepo.

Nashon, fundi wa Kawangware aliyeuza pikipiki kuukuu, alikubali kumpa moja badala ya ile ya Mbuvi. Zilikuwapo mbili za safari ndefu. Moja ilikuwa fupi, haina kioo cha kukinga upepo, ila siti ya abiria ilikuwa pana, imezama nyuma ya dereva, na ina mahali pa kuegemea. Ya pili ilikuwa na kioo kikubwa mbele, na siti ya nyuma imeinuka juu.

"Mkamba, leta mama watoto akalie hizi zote mbili," Nashon alimwambia. "Si wewe utakaa huko nyuma."

"Wacha zako. Niko kwa barabara tangu ukiwa Siaya unachunga ng'ombe. Utanifunza upepo?"

Akapanda ile yenye kioo, akafungua vifungo vya shati makusudi, akaitimua hadi Dagoretti na kurudi. Shati halikupepea hata kidogo. Akashuka anacheka, akaacha pikipiki yake pale, na biashara ikaisha.

Walitoka Jumamosi, jua likiwa limepanda. Majirani wa Lindi waliwapungia mikono, Wanza akiwa amefungwa leso mbili kichwani na blanketi mabegani. Mpaka Mlolongo mambo yalikuwa sawa, kwa sababu foleni haikuwaruhusu kukimbia. Kisha uwanda wa Athi ukafunguka, na huko upepo hauna haya.

"Mama Mulei, inakufikia?" Mbuvi aliuliza bila kugeuka.

"Haifiki. Enda tu."

Naye akaenda, kifua hakiguswi na upepo, moyo umejaa sifa. Walipofika njia panda ya kuingia Machakos alisimama wanywe chai, akageuka amshushe. Leso moja ilikuwa imechukuliwa na upepo. Machozi yalikuwa yamekauka mashavuni kwa vumbi, midomo imegeuka rangi, na kila pumzi aliyoivuta ilipiga filimbi. Hakuweza kushuka mwenyewe.

Mbuvi hakuelewa. Alimketisha kwenye benchi la mama chai, kisha akamwomba mwenye boda wa pale aendeshe ile pikipiki yenye kioo, yeye akae nyuma, waende mbele kidogo. Maisha yake yote ya boda hakuwahi kukaa kiti hicho. Hawakufika mbali. Upepo ulipanda juu ya kioo, ukapita kichwa cha dereva, ukamshukia yeye usoni kama maji ya kumwagiwa. Alimwambia jamaa arudi, na aibu ikamchoma mpaka akatamani kupigwa.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza Wanza.

"Ulikuwa na furaha." Akavuta pumzi kwanza ndipo akaendelea. "Kwetu ni upande gani?"

Mbuvi akamwonyesha, nyuma ya vilima vya Machakos. Wanza aliangalia huko mpaka chai ikapoa.

"Sitafika, Baba Mulei. Turudi."

Mbuvi hakubishana naye. Safari hii alimketisha mbele, juu ya tangi, nyuma ya kioo, mahali ambapo watu wa boda hupakia watoto wa shule, akamzungushia mikono na kushika usukani. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wake. Lakini Wanza alienea pale kama mtoto, na hakulemea mikono hata kidogo.